Imamu Shafi na Kauli Zake Mbili

Sisi watu wa mwambao, tangu Lamu hata Kilwa, twajiita Mashafi. Mtoto akimaliza Kurani hutiwa Safina, akikua akasomeshwa Minhaji, na pengine akazeeka asijue huyo Shafi alikuwa mtu gani, wala aliswalije nyuma ya watu waliomkhalifu. Tumeona tuandike habari zake safari hii, kwani ndugu zetu waliokwenda kutafuta riziki Migori na Homa Bay wamo katika mzozo ambao yeye mwenyewe aliupitia. Huko ziwani msikiti mmoja huweza kuwakusanya Waswahili na Wasomali, ambao ni Mashafi, na Wahindi wa Kihanafi, na Wanubi wa Kimaliki, na Wajaluo waliosilimu kwa mkono wa huyu au wa yule. Mmoja husoma Fatiha nyuma ya imamu, wa pili hunyamaza; mmoja huidhihirisha Bismillahi, wa pili huificha. Basi watu wakatupiana maneno mlangoni pa msikiti, hata wakakaribia kufanya jamaa mbili chini ya paa moja.

Jina lake ni Muhammad bin Idris, Mkureshi wa ukoo wa Muttalib, akutanaye na Mtume (s.a.w.) kwa Abdu Manafi. Alizaliwa Ghaza mwaka wa 150 Hijriya (767), na huo ndio mwaka aliokufa Imamu Abu Hanifa. Babake alikufa yeye yungali mchanga. Mamake alichelea nasaba ya mwanawe isije ikapotea ugenini, akamchukua Makka naye ana miaka miwili hivi. Hawakuwa na kitu. Ujira wa mwalimu haukupatikana, mwalimu akaridhika mtoto awe akiwashikia wenziwe masomo kila yeye aondokapo. Karatasi hakuziweza, akawa akiandika juu ya mifupa. Kurani aliihifadhi kwa miaka saba, na Muwatta wa Imamu Malik kwa miaka kumi. Walimu wetu wanaowarudisha watoto majumbani kwa ajili ya ada wangefanya vyema kumkumbuka mwalimu yule wa Makka.

Makka alisoma kwa mufti wake, Muslim bin Khalid Zanji, naye ndiye aliyempa ruhusa ya kutoa fatwa angali kijana mdogo. Jina hili la Zanji lisitughuri. Wanavyuoni wasema alikuwa mtu mweupe, akaitwa hivyo kwa kinyume, kama mitaani kwetu pandikizi la mtu linavyoitwa Kadogo. Kisha Shafi akaenda Madina kwa Malik mwenyewe, akamsomea Muwatta kwa moyo, na alikuwa Madina hata Malik alipofariki mwaka wa 179 (795).

Hapa ndipo tuwaombapo ndugu zetu wa Homa Bay wasimame kidogo. Kwa Malik, Bismillahi haisomwi katika swala ya faradhi, si kwa sauti wala kwa siri. Kwa Shafi, Bismillahi ni aya ya Fatiha, na aiachaye kusudi swala yake haikutimia. Hata hivyo wanavyuoni wamelitaja wazi kuwa Shafi alikuwa akiswali nyuma ya maimamu wa Madina, wa Kimaliki, wala hakujitenga nao. Na huyo Mhanafi anayelaumiwa leo haiachi, bali huisoma kimoyomoyo. Maamuma asiyeisikia amejuaje kuwa haikusomwa?

Baada ya Malik alipata kazi ya serikali Yemen. Akasingiziwa kuwa yu pamoja na waliotaka kumwasi Khalifa, akapelekwa mbele ya Harun Rashid mwaka wa 184 (800). Aliyemtetea ni Muhammad bin Hasan Shaibani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa. Shafi akakaa kwake akasoma, akasema baadaye kuwa alichukua kwake ilimu ya mzigo wa ngamia. Kisha akamkhalifu katika mambo mengi, tena kwa hoja, na huku akimsifu. Hiyo ndiyo adabu iliyokosekana kwetu.

Katika safari yake moja alirudi Makka kutoka Yemen na dinari elfu kumi. Akapiga hema nje ya mji, watu wakamjia, wala hakuingia mjini mpaka amekwisha kuzigawa.

Mwaka wa 195 (810) alikwenda Baghdad akasomesha, na madhehebu aliyoyatoa huko ndiyo yaitwayo kauli ya kale. Mwaka wa 199 hivi (814) akahamia Misri. Akapata Hadithi asizozipata mwanzo, akapima upya aliyokwisha kuyaandika, akayaacha mengi. Hiyo ndiyo kauli mpya, nayo ndiyo tunayoifuata. Katika kauli ya kale, maamuma hasomi Fatiha imamu anaposoma kwa sauti, yampasa asikilize. Katika kauli mpya yampasa aisome katika swala zote, ila aliyechelewa akamdiriki imamu katika rukuu. Basi mwenye kunyamaza nyuma ya imamu katika Magharibi afanya jambo ambalo Shafi mwenyewe alilifutu kwa miaka. Sisi twasoma, na twaona dalili iko kwetu. Lakini kumwambia ndugu yako kuwa hana swala ni kumhukumu Imamu kwa kauli yake ya kwanza.

Katika riba pia alikuwa na kauli mbili, na jambo hili limewapoteza baadhi ya watu. Kwanza alisema kuwa riba ya vyakula huingia katika kile kipimwacho kwa kibaba au mizani. Misri akasema kuwa ni kila chakula, hata mayai yahesabiwayo. Ama dhahabu na fedha, sababu yake ni thamani, nao wafuasi wake wa baadaye waliifunga kwa madini hayo mawili. Basi akatokea mwerevu akasema kuwa noti ni karatasi, na faida ya benki ni halali kwa Mashafi. Mtu huyu amechanganya biashara na mkopo. Khilafu hiyo iko katika kuuza kitu kwa kitu. Ama mkopo uliosharutishwa nyongeza ni haramu kwa ijmai, hata ukiwa mkopo wa shanga, na hapana kauli ya kale wala mpya iliyouhalalisha. Wanavyuoni wa Azhar walikata hukumu ya faida ya benki mwaka wa 1965, na Majmaa ya Fikihi ilipokutana Amman mwaka wa 1986 ikaamua kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha. Kwa hiyo anunuaye dhahabu ya wachimbaji wa Migori kwa shilingi alipe hapo hapo, mkono kwa mkono. Wala asiseme atalipa mwisho wa mwezi.

Ajabu yetu ni kuwa mtu hugombana juu ya Fatiha, ambamo maimamu wamekhitalifu, kisha akitoka msikitini huchukua mkopo wa riba katika simu yake akiwa ametulia.

Misri alikaa miaka michache tu. Bawasiri ilimtoa damu nyingi, naye haachi kuandika na kusomesha. Aliwausia wanafunzi wake kuwa Hadithi ikisihi waifuate na kauli yake waiache. Akafariki usiku wa kuamkia Ijumaa, siku ya mwisho ya Rajabu mwaka wa 204 (820), naye ana miaka 54, akazikwa katika makaburi ya Karafa. Inapokewa kuwa Sayyida Nafisa alimswalia. Darasa yake alimwachia Buwaiti, si kwa ujamaa bali kwa ilimu. Huyo Buwaiti alichukuliwa Baghdad kwa kukataa kusema kuwa Kurani ni kiumbe, akatiwa minyororo, akafa gerezani mwaka wa 231 (846). Vitabu vya mwalimu wake vilibaki Misri kwa Rabii Muradi, aliyeishi mpaka mwaka wa 270, na watu wakifunga safari kutoka kila nchi kuja kuvisikiliza kwake.