Charles Hall: Kijana wa bandani aliyeishusha alumini hadi jikoni

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

NI nadra kuingia katika nyumba ya Kihonda, Manispaa ya Morogoro, usikute sufuria ya alumini jikoni. Ndiyo inayochemshia maharage, ndiyo inayopikia ugali, na ikitoboka hupelekwa kwa fundi. Hakuna anayeiona kuwa kitu cha thamani kubwa. Hata hivyo, miaka 140 hivi iliyopita metali hiyo ilikuwa adimu kiasi kwamba Wamarekani waliiweka kipande chake juu ya kilele cha mnara wa Washington, mwaka 1884.

Ajabu yake ni kwamba alumini haikuwa adimu ardhini. Hakuna metali iliyo nyingi kuliko hiyo katika tabaka la juu la dunia. Imo katika udongo wa mfinyanzi na katika udongo mwekundu wa miteremko ya Uluguru inayoonekana kutoka Kihonda. Kilichokuwa kigumu ni kuitenganisha na oksijeni iliyoing'ang'ania. Mtu aliyepata njia nafuu ya kufanya hivyo alikuwa kijana wa miaka 22, na karakana yake ilikuwa banda la kuni nyuma ya nyumba ya baba yake.

Charles Martin Hall alizaliwa Desemba 6, 1863, katika kijiji cha Thompson, jimbo la Ohio, Marekani. Baba yake, Herman, alikuwa mchungaji. Yeye na mkewe Sophronia walipata kuwa wamisionari nchini Jamaika kabla Charles hajazaliwa. Mwaka 1873 familia ilihamia mji mdogo wa Oberlin, ambako watoto wangeweza kusoma chuoni bila kwenda mbali na nyumbani.

Charles aliingia Chuo cha Oberlin mwaka 1880. Huko alimkuta Profesa Frank Jewett, mwalimu wa kemia aliyekuwa amesoma Ujerumani na kurudi na kipande cha alumini. Jewett aliwaeleza wanafunzi wake kwamba atakayegundua njia rahisi ya kuizalisha atajipatia utajiri na kuwafaa wanadamu. Charles aliyachukua maneno hayo kama agizo lililomhusu yeye binafsi.

Alihitimu mwaka 1885, mwaka ambao mama yake alifariki dunia. Dada yake Julia, ambaye naye alikuwa amesoma kemia Oberlin, ndiye aliyeishika nyumba. Hakuishia jikoni tu. Alifuatilia majaribio ya mdogo wake bandani, akajadiliana naye, na akayaweka kumbukumbuni yaliyotendeka.

Tatizo lilikuwa hili. Alumina, yaani unga mweupe wenye alumini na oksijeni, huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Charles aligundua kwamba ikitiwa ndani ya krioliti iliyoyeyuka, madini yaliyokuwa yakichimbwa Greenland, huyeyukia humo kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi. Baada ya hapo alipitisha umeme wa betri alizozitengeneza kwa mikono yake. Mwanzoni hakupata kitu, kwa kuwa chungu chake cha udongo kilichafua mchanganyiko. Alipokitandika kaboni kwa ndani, Februari 23, 1886, vilipatikana vidonge vidogo vyenye kung'aa. Ilikuwa alumini.

Alichokuwa hakijui ni kwamba huko Ufaransa kijana mwingine, Paul Héroult, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1863, alikuwa amefikia njia ile ile. Héroult aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini kwake Aprili 1886, na Marekani mwezi Mei. Hall aliwasilisha ombi lake Julai 9. Alikuwa amechelewa.

Kilichomwokoa ni maandishi. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilimpa haki aliyetangulia kuvumbua, si aliyetangulia kuomba. Barua zenye tarehe pamoja na ushahidi wa Julia vilithibitisha kazi ya Februari. Hataza zilitolewa kwa Hall Aprili 2, 1889.

Kupata mtaji hakukuwa rahisi. Kampuni moja ilimwajiri kwa mwaka mmoja, kisha ikaliacha wazo lake. Ndipo Alfred Hunt wa Pittsburgh alipokusanya wawekezaji, na mwaka 1888 Kampuni ya Pittsburgh Reduction ikaanza kazi. Mwaka 1895 ilihamia kwenye umeme wa maporomoko ya Niagara, na mwaka 1907 ikaitwa Aluminum Company of America. Bei ya alumini, iliyokuwa dola 12 hivi kwa ratili katikati ya miaka ya 1880, ilishuka chini ya dola moja katika muda wa miaka kumi. Hapo ndipo metali ya pambo ilipogeuka sufuria.

Hall alitajirika, lakini hakuoa wala hakupata mtoto. Mwaka 1911 alitunukiwa Nishani ya Perkin, na Héroult, mshindani wake wa zamani, alihudhuria kumpongeza. Wote wawili walifariki mwaka 1914, Héroult mwezi Mei, Hall Desemba 27 huko Daytona, Florida. Sehemu kubwa ya mali yake aliiachia elimu, na theluthi moja ikaenda kwa Chuo cha Oberlin.

Matunda ya kazi yake yalifika Afrika Mashariki. Kiwanda cha Kaluworks kilianzishwa Mombasa mwaka 1929, na Aluminium Africa, inayojulikana kama ALAF, ikaanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960.

Hata hivyo, jina la Julia halikuandikwa kwenye hataza yoyote kati ya zile, na kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Charles peke yake. Bila kumbukumbu zake, huenda haki ya uvumbuzi huo ingekwenda kwa Mfaransa.

Kwa mafundi wa Kihonda na kwingineko nchini, kuna la kuzingatia zaidi. Sheria ya Tanzania humpa haki aliyetangulia kuwasilisha ombi, ambalo kwa Tanzania Bara hupelekwa BRELA. Chini ya utaratibu kama huo, Hall angeshindwa pamoja na ushahidi wake wote. Fundi mwenye kitu kipya karakanani hana budi kukiandika, na asikawie kukisajili. Naye aliyemsaidia, jina lake liandikwe pia.