Mzee wa Morisi Aliyejidunga Ujana

Tarehe 1 Juni 1889, mzee wa miaka 72 alisimama mbele ya wenzake wa Chama cha Biolojia jijini Paris akawaeleza jambo la ajabu. Alikuwa amesaga korodani za mbwa na za simbilisi, akachanganya na maji, akachuja, kisha akajidunga mwenyewe chini ya ngozi. Na sasa, alidai, nguvu za ujana zimerudi.

Mzee huyo ni Charles-Édouard Brown-Séquard. Kwenye gym zetu za chuo hakuna anayemtaja, lakini kila anayechoma sindano ya kujaza misuli anafuata njia aliyoifungua yeye. Ndiyo maana nataka tumjue.

Ni mtu wa bahari yetu hii hii ya Hindi. Alizaliwa Port Louis, kisiwani Morisi, mashariki ya Madagaska, tarehe 8 Aprili 1817. Baba yake, nahodha Mmarekani aliyeitwa Brown, alipotelea baharini kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Charlotte Séquard, mwenye asili ya Kifaransa, alimlea kwa kushona nguo. Kijana alipenda fasihi, na mwaka 1838 alifika Paris akiwa na ndoto ya kuwa mwandishi. Wenye uzoefu wakamshauri atafute kazi nyingine, akaingia udaktari, akahitimu mwaka 1846. Mama alipofariki, alichukua jina lake akaliunga na la baba.

Tusimchukulie kama tapeli, maana jamaa alikuwa kichwa kweli kweli. Aligundua kwamba uti wa mgongo ukikatika nusu, mtu anapoteza nguvu za kusogeza viungo upande ule ule ulioumia, ila hisia za maumivu zinapotea upande wa pili. Hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1856 alionyesha kwamba mnyama akitolewa zile tezi ndogo zilizo juu ya figo, anakufa. Kazi hiyo ni moja ya misingi ya elimu ya homoni. Alifanya kazi London, akafundisha Harvard, na mwaka 1878 akakalia kiti cha Claude Bernard pale Collège de France. Si mchezo kwa mtoto wa mshonaji.

Ila alikuwa na tabia moja: aliuamini mwili wake kama maabara. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoingia Morisi, alirudi nyumbani kuwatibu watu. Akitaka kujua kama dawa yenye afyuni inafanya kazi, alimeza matapishi ya wagonjwa ili augue kwanza, halafu akanywa dawa hiyo kwa wingi. Nusura imuue. Wenzake wakamwokoa, na watu wa kisiwa wakamheshimu kwa ujasiri wake. Tabia yenyewe haikumtoka.

Turudi 1889. Kwa muda wa wiki tatu hivi alijidunga mchanganyiko wake na kuandika mabadiliko aliyoyaona. Anasimama maabara saa nyingi bila kuchoka. Anapanda ngazi mbio kama zamani. Alipima nguvu za mkono kwa kifaa, zikaonekana zimeongezeka. Alipima hata mkojo unafika umbali gani. Habari zikavuka bahari haraka, wauzaji wakajitokeza, na mwaka huo huo mchezaji maarufu wa besiboli wa Marekani, Pud Galvin, akaripotiwa kuitumia dawa ya namna hiyo.

Sasa hapa ndipo patamu. Dawa ile haikuwa na kitu. Korodani hutengeneza homoni na kuiachia kwenye damu. Hazina stoo ya kuihifadhi. Tena testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mwaka 1935 watafiti wa Amsterdam walipofanikiwa kuitenga testosteroni halisi, walihitaji lundo la korodani za madume ya ng'ombe ili wapate miligramu chache tu. Na mwaka 2002 watafiti wa Australia walirudia njia ya mzee wetu, wakakuta homoni iliyopatikana ni kidogo mno, haiwezi kufanya lolote mwilini. Kilichompandisha ngazi kilikuwa matumaini. Alijua siku aliyojidunga, na hapakuwa na mtu wa kulinganisha naye aliyedungwa maji matupu bila kujua. Mtaalamu mkubwa namna ile alidanganywa na hisia zake mwenyewe. Alifariki Paris Aprili 1894, na nguvu zile alizozitangaza hazikuwa zimedumu.

Nilimkumbuka mzee huyu nilipokuwa Hanga, kule Ruvuma, kwa mazoezi ya kufundisha. Jioni vijana walikuwa wananyanyua bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege kila upande. Mmoja, bado mwanafunzi wa sekondari, aliniuliza kama kweli kuna vidonge vinavyojaza kifua kwa mwezi mmoja, maana kaka yake wa mjini anavitumia na anajisikia poa sana. Nilimjibu kwamba vidonge vipo, na kujisikia poa ndiyo sehemu inayotisha.

Tofauti ya Brown-Séquard na kaka wa mjini ni kwamba dawa za leo zinafanya kazi kweli. Zikiingia, misuli inakua na mtu anajiona simba. Lakini ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Zinasinyaa na mbegu zinapungua, pengine zinakwisha kabisa. Sehemu ya homoni inageuka kuwa ya kike, kijana anaota matiti. Mafuta mazuri ya damu yanashuka, presha inapanda, moyo unakuwa mnene na mgumu. Vidonge vinaumiza ini, vinaweza hata kuleta uvimbe. Kwa ambaye bado anakua, mifupa inafunga mapema na urefu unaishia hapo. Dada akitumia, sauti inakuwa nzito na huenda isirudi. Mkichangia sindano, mnakaribisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na ukiacha ghafla unaweza kuzama kwenye sonona, kwa sababu mwili umesahau kujitengenezea homoni yake.

Mwaka 1996 Andreas Münzer, mtunisha misuli wa Austria, alifariki Munich akiwa na miaka 31, ini na figo zikiwa zimegoma. Siku chache kabla alikuwa jukwaani na watu wanashangilia mwili ule.

Moyo unaponenepa hauumi. Ini halipigi kelele hadi limechoka. Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, anayekuambia ametumia miezi sita na yuko fiti hajakudanganya, ila ushahidi wake ni ule ule wa mzee wa Paris. Kama tayari unatumia, nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wote, upimwe presha, mafuta ya damu na ini, na usiache kienyeji bila ushauri. Kama hujaanza, maharage, mayai, dagaa na usingizi vinajenga misuli. Vinachelewa, lakini vinajenga.

Na sisi wa ualimu tunaokwenda kusimama mbele ya vijana wa sekondari, tutaulizwa swali la yule kijana wa Hanga. Tukimjibu kwa vitisho tu atacheka, maana kaka yake yupo na kifua kinaonekana. Tumweleze kinachotokea pasipoonekana.