Kadhi Aliyeitazama Suheli

Nyota ya Suheli si ngeni kwa manahodha wa mwambao wetu. Iliwaonyesha upande wa kusini tangu enzi za majahazi. Leo, wapenzi wasomaji, nawasimulia habari za mwanachuoni aliyepata hoja kubwa kwa nyota hiyo hiyo.

Ni Abul Walid Muhammad Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba, Andalusia, mwaka 1126, sawa na 520 Hijria. Babu yake alikuwa kadhi wa mji huo. Mjukuu naye akainukia katika fikihi ya Maliki, akasoma na utabibu na falaki.

Mwaka 1153 alikuwa Marrakesh. Huko akaiona Suheli, nyota isiyoonekana kwao Cordoba. Wayunani wa kale walikwisha sema kwamba msafiri hubadilikiwa na nyota kwa kuwa ardhi ni mviringo. Ibn Rushd hakutosheka na kusikia. Alihakikisha kwa macho yake.

Mwaka 1169 akawa kadhi wa Seville, kisha wa Cordoba. Katika Bidayatul Mujtahid hakutaja hukumu tu. Alieleza kila madhehebu yameshika dalili gani, na kwa nini yakahitilafiana.

Katika Faslul Maqal alifundisha kwamba kweli haigombani na kweli. Aliegemea aya ya Suratul Hashr inayowaamrisha wenye macho wazingatie. Jambo likithibiti kwa dalili ya kukata, na dhahiri ya aya ikaonekana kulipinga, basi aya ina taawili, yaani maana iliyo nyuma ya dhahiri. Lakini taawili hiyo ifuate kawaida za lugha ya Kiarabu, wala si kazi ya kila mtu. Alipomjibu Imamu Ghazali, aliyekwisha fariki, alinakili kwanza maneno ya Imamu, ndipo akayajibu.

Hapa ndipo ninapompenda. Wako leo wanaoikamua aya mpaka itoe kila uvumbuzi mpya, hali uvumbuzi wenyewe kesho huenda ukarekebishwa. Wako na wanaokanusha lililothibiti, wakidhani wanaitetea dini. Naona wote wamepotea njia: wa kwanza anailazimisha aya, wa pili anayafumba macho aliyoamriwa kuyafumbua.

Mwaka 1195 Khalifa al-Mansur alimhamishia Lucena, na vitabu vya falsafa vikachomwa moto. Vilisalimika vya tiba, vya hesabu, na vya falaki ya kujulia saa na kibla. Baadaye alirudishiwa heshima, akafariki Marrakesh mwaka 1198.

Baada ya miezi mitatu maiti yake ilipelekwa Cordoba. Mnyama alibeba jeneza ubavu mmoja, na ubavu wa pili vitabu vyake, mzigo ulingane. Ibn Arabi aliyaona hayo kwa macho yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwenye mtoto chuoni na amsimulie habari zake, kisha amtoe nje usiku amwonyeshe Suheli.