Al-Haj Malik Shabazz na Kamusi ya Gerezani

Twapenda mara hii kuwaelezeni, ndugu zetu wasomaji, maisha ya Muislamu mmoja wa Marekani aliyekwisha fariki zamani. Wengi wamjua kwa jina la Malcolm X, na wengi humtaja kwa ushujaa wake. Sisi twataka kueleza jambo lisilotajwa sana, nalo ni namna alivyoupata ulimi wake.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hapa Makadara, Nairobi, tunapokaa na kusomesha, alitujia mzee mmoja wa kwetu pwani ana karatasi mkononi. Karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza, naye amekwisha itia sahihi. Alitaka tumsomee apate kujua ni lipi alilolikubali. Twasema kweli, haya haitufai kitu: hatukuweza kuifahamu. Maneno madogo madogo tuliyajua, lakini yale makubwa, ambayo ndiyo yaliyobeba hukumu, yalitushinda. Tukamwita kijana aliyemaliza shule, naye akakwama papo hapo tulipokwama. Kijana huyu husema Kiingereza mchana kutwa, bali Kiingereza cha barazani ni kitu kimoja, na Kiingereza cha waraka ni kitu kingine. Hapo ndipo tulipomkumbuka Malik.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, akaitwa Malcolm Little. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewaita watu weusi wajitegemee. Baba alifariki mwaka 1931, mtoto angali na miaka sita. Mama, aliyezaliwa katika kisiwa cha Grenada, alilea watoto wengi katika ufukara mpaka akili zake zikadhoofika, na mwaka 1939 akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wakatawanyika.

Shuleni Malcolm alikuwa miongoni mwa wanafunzi hodari. Siku moja alimwambia mwalimu wake kwamba angependa kuwa mwanasheria. Mwalimu, aliyekuwa Mzungu, akamjibu kuwa kazi hiyo si ya mtu mweusi, na kwamba ingemfaa zaidi useremala. Neno hilo lilimvunja moyo. Akaacha shule asifike mbali, akaenda Boston kwa dada yake wa baba mmoja, kisha akaingia katika maisha ya uovu: kamari, madawa ya kulevya na wizi. Mwaka 1946, hajatimia miaka ishirini na mmoja, akahukumiwa kifungo cha miaka minane hadi kumi.

Gerezani alimkuta mfungwa mmoja mtu mzima aliyeheshimiwa na wote, hata na askari. Mfungwa huyu hakuwa na nguvu za mkono wala mali. Alichokuwa nacho ni maneno aliyoyajua na namna ya kuyapanga. Akamshauri kijana atumie maktaba ya gereza na ajifunze Kiingereza kwa masomo ya kupelekewa kwa posta. Malcolm akaanza.

Mwaka 1948 alihamishwa gereza la Norfolk, lenye maktaba kubwa. Wakati huo ndugu zake walikuwa wamemwita katika chama cha Elijah Muhammad, naye akataka kumwandikia mkuu huyo barua. Alipokamata kalamu akajiona bubu. Mitaani alikuwa msemaji wa kusikilizwa, lakini lugha ya mitaani haikukubali kukaa katika barua. Hata vitabu alivyojaribu kuvisoma, kila sentensi ilikuwa na maneno asiyoyajua, akiyaruka yote asibaki na maana. Hakuwa hajui kusoma. Alikuwa hajui maneno. Na huu, ndugu zetu, ndio ugonjwa wa wengi wetu leo.

Basi akaomba kamusi, karatasi na kalamu za risasi. Akafungua ukurasa wa kwanza, asijue aanzie wapi katika wingi ule wa maneno, mwishowe akaamua kuunakili wote kama ulivyo, hata nukta na vituo. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti yale aliyoyaandika, tena na tena. Asubuhi yake akaamka anayakumbuka maneno yale, akafurahi kuwa ameandika mambo ambayo hakuwahi kujua kama yamo duniani. Neno alilolikumbuka zaidi katika ukurasa ule ni jina la mnyama wa Afrika, yule mhanga mwenye kuchimba mashimo na kula mchwa. Akaendelea na ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka akaimaliza herufi ya kwanza, na kwa muda akaimaliza kamusi yote.

Khalafu akafungua vitabu vya tarikhi, vya dini na vya wanafalsafa, akaviona vinasema naye. Usiku taa za vyumba zilipozimwa, alikaa sakafuni karibu na mlango, akasoma kwa mwangaza wa taa ya ujiani. Askari akipita, hurukia kitandani akajifanya amelala. Akiondoka, hurudi kitabuni. Aliendelea hivyo mpaka saa tisa au saa kumi za usiku, na macho yake yakadhurika, akavaa miwani maisha yake yote. Tena akaingia katika mijadala ya wafungwa, akajizoeza kuyatumia maneno mbele ya watu, kwani neno lisilotumiwa husahaulika.

Alitoka gerezani mwaka 1952, na kwa muda mfupi akawa msemaji mkubwa wa chama chake. Hapa yatupasa tuseme wazi. Mafundisho ya chama kile hayakuwa Uislamu tuujuao: yalimfanya Elijah Muhammad kuwa mjumbe wa Mungu, na yaliwafanya Wazungu wote kuwa mashetani kwa maumbile yao. Malcolm aliyahubiri hayo kwa ulimi ule alioupata kwa taabu. Maneno ni kama kisu, hukata mkate na hukata mkono. Mwenye kuyapata bado anahitaji elimu ya kumwongoza.

Mwezi wa Machi 1964 akajitenga na chama, na mwezi wa Aprili akaenda kuhiji. Jambo lililomkuta Jeddah lina mazingatio makubwa. Yule aliyewashinda wasomi wa Marekani kwa hoja hakuweza kuisoma sala kwa Kiarabu, wala miguu yake haikuzoea kikao cha sala, ikamuuma. Hakujificha. Alikaa kama mtoto wa chuoni akafundishwa na mtu aliyemwongoza. Makka aliwaona Waislamu wa kila rangi wakila sahani moja na kusali safu moja, akaandika barua kwao kukiri kwamba aliyokuwa akiyasema juu ya Wazungu wote hayakuwa sawa. Kukiri kosa mbele ya ulimwengu kwahitaji moyo kuliko kuhutubia. Akarudi na jina la Al-Haj Malik Shabazz.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alifika kwetu Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam alionana na Rais Nyerere, na Nairobi akaonana na Mzee Jomo Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu. Tarehe 3 Desemba 1964 alisimama Oxford katika mjadala wa wanafunzi wa chuo kile kikuu, akatoa hoja yake na kutumia hata mchezo wa Shakespeare, yeye aliyeacha shule mapema na kusomea sakafuni mwa gereza. Tarehe 21 Februari 1965 aliuawa kwa risasi mjini New York alipoanza kuhutubia, mbele ya mkewe na binti zake. Umri wake ulikuwa miaka 39. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu zetu, wako kati yetu wanaoogopa kwamba Kiingereza kitawapoteza watoto. Hofu hiyo twaifahamu, kwani nasi tulilelewa nayo. Lakini kilichompoteza Malcolm alipopotea hakikuwa kamusi, ni kukosa wa kumfundisha dini yake. Basi tusiwanyime watoto kimoja kwa kuogopa kingine. Tuwape vyote viwili. Wala tusidhani kuwa kuzungumza Kiingereza kwatosha. Maneno makubwa hayaokotwi njiani. Huandikwa kwa mkono, husomwa kwa sauti, hutumiwa.

Hatuna udhuru. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa mjini Nairobi mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Leo ina matawi mawili huku kwetu, moja Kaloleni na moja Makadara, na mtoto yeyote huingia. Malik alisoma nyuma ya milango iliyofungwa; milango yetu i wazi, nasi twapita.

Yule mzee tulimpatia mwenye kuifahamu karatasi ile. Ilidhihiri kuwa ameahidi jambo asilolijua, na muda wa kulipinga umekwisha pita. Alikunja karatasi yake akaondoka kimya, nasi hatukuwa na la kumwambia. Tangu wiki ile tumenunua kamusi na daftari, sisi na vijana wa darsa, na kila baada ya sala ya alasiri twanakili nusu ukurasa na kuusoma kwa sauti. Vijana hutucheka tunavyotamka, nasi twastahimili. Aliyestahimili kufundishwa sala Jeddah, na jina lake limeenea duniani, alitutangulia.