Maisha ya Art Tatum, Mpiga Piano

Arthur Tatum, aitwaye Art, alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1909 katika mji wa Toledo, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi, wapenda muziki. Baba alipiga gitaa, na mama piano. Tangu uchanga macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho. Waganga wakampasua mara nyingi, lakini uwezo wake wa kuona ulibaki mdogo sana.

Basi akajifunza kwa masikio na vidole. Alisoma kitambo katika shule ya vipofu mjini Columbus, kisha akafundishwa Toledo na mwalimu Overton Rainey. Mwalimu huyu alishika desturi ya mabwana wa Ulaya, wala hakupenda wanafunzi wake wapige jazi, yaani muziki wa watu weusi wa Marekani ambao mpigaji huugeuza wimbo papo hapo. Lakini zamani hizo majumba makubwa ya muziki wa Ulaya hayakumfungulia mtu mweusi ila kwa shida.

Tatum hakuiacha njia moja kwa ajili ya nyingine. Aliuchukua wimbo uliojulikana na wote, au kipande cha Dvořák au cha Massenet, akakipiga kwanza watu wakitambue. Kisha mkono wa kulia ukatiririsha sauti kama maji ya maporomoko, na wa kushoto ukashika mwendo. Wasikilizaji walipodhani amepotea, kumbe alirejea penye wimbo bila kukosa hesabu.

Mwaka 1932 akaenda New York kumpigia piano mwimbaji Adelaide Hall. Mwaka 1933 akatoa sahani za santuri, akipiga peke yake. Hata Vladimir Horowitz, bingwa wa muziki wa Ulaya, alimstaajabia. Desemba 1953 Norman Granz alimwita kunasa sauti; kwa siku mbili Tatum akapiga vipande karibu 70.

Lakini alipenda zaidi kupiga usiku mbele ya watu wachache, kazi ikiisha. Mwaka 1955 alipiga peke yake nyumbani kwa Ray Heindorf, kiongozi wa muziki wa sinema, huko California. Sauti ilinaswa, nasi hata leo twaweza kusikia jinsi alivyocheza na nyimbo katikati ya rafiki.

Wakati huo mwili wake ulikuwa umedhoofika. Kwa miaka mingi alikuwa amekunywa pombe kupita kiasi. Akaipunguza, lakini alikuwa amechelewa. Akafa kwa ugonjwa wa figo mjini Los Angeles tarehe 5 Novemba 1956, mwenye umri wa miaka 47.

Wafundishao nyimbo na walitazame jambo hili: Tatum aliweza kuugeuza wimbo pasipo kuuharibu, kwa sababu kwanza aliujua barabara.