Sayyid Barghash na Mpaka Uliokatwa Bila Yeye

Husemwa barazani kwamba Sayyid Barghash bin Said ndiye aliyeiuza pwani yetu. Maneno hayo yafaa yapimwe kabla ya kumtwika marehemu dhambi isiyokuwa yake.

Mwaka 1859 aliinuka kumpinga ndugu yake, Sayyid Majid. Waingereza walimsaidia Majid, naye Barghash akapelekwa Bombay. Alirudi, na Majid alipofariki mwaka 1870 akakalia kiti cha Unguja. Akavuta maji ya chemchemi hadi mjini, akaleta mtambo wa kupiga chapa vitabu, akajenga Beit al-Ajaib. Lakini mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu, na mwaka 1873 Waingereza walimshurutisha afunge masoko ya watumwa.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara na kutiisha machifu sahihi katika makaratasi yake. Sultani alipoteta, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, Agosti 1885. Akanyamaza, maana hakuwa na za kuzikabili.

Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana wao kwa wao. Sultani aliachiwa visiwa, ukanda wa maili 10 kutoka ghuba ya Tungi hadi Kipini, na miji kadhaa ya Benadir. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, ukafika ziwa la Viktoria. Kusini kwa Wajerumani, kaskazini kwa Waingereza. Mzaliwa wa Vanga aliyehamia Mwiki, karibu na Ruiru, ametoka ukandani akaingia bara. Lakini kote huko ni upande mmoja wa mstari ule, na jamaa zake wa Tanga wako wa pili.

Disemba mwaka huo Barghash alikubali. Mwaka 1887 akawakodisha Waingereza sehemu ya ukanda wake, na Machi 1888 akafariki. Kipande cha kusini kilikwenda kwa Wajerumani mwaka 1890. Cha kaskazini kilibaki kwa jina la Sultani hadi mapatano ya Oktoba 1963, kikaunganishwa na Kenya, na mahakama za kadhi zikalindwa.

Basi, wasomaji wapenzi, alikodisha, ndiyo. Lakini mwenye nyumba anayekodisha chumba baada ya majirani kugawana ua wake haitwi muuzaji. Mwenyezi Mungu amrehemu.