David Smith: Daktari aliyeonyesha dunia kuwa pombe humfikia mtoto tumboni

Leo mjamzito akiagiza bia, watu wanamgeukia. Miaka 60 iliyopita hali ilikuwa tofauti kabisa. Madaktari wengi waliamini kuwa mtoto tumboni yuko salama, na kwamba kondo la nyuma linachuja kila kibaya. Kuna hospitali Marekani zilizokuwa zikiwatundikia wajawazito dripu yenye pombe ili kutuliza uchungu uliokuja kabla ya wakati.

Mmoja wa watu waliobadilisha hali hiyo ni David W. Smith, daktari wa watoto.

Smith alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la California. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akafundisha Wisconsin, kisha mwaka 1966 akahamia Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle.

Kazi yake ilikuwa kuangalia watoto waliozaliwa na kasoro. Wakati huo wengi wao walirudishwa nyumbani bila jibu. Mama anauliza mwanangu ana nini, na daktari hana la kusema. Smith alianza kupanga dalili kwa makundi: macho, masikio, vidole, urefu, ukubwa wa kichwa. Tawi hilo la tiba alilipa jina la dismofolojia. Mwaka 1970 akatoa kitabu kilichojaa picha, ambacho madaktari wa watoto bado wanakitumia hadi leo.

Watoto wasionenepa

Kesi iliyompa umaarufu ilianza na daktari kijana, Christy Ulleland, aliyekuwa mafunzoni Seattle. Aligundua jambo la ajabu: kuna watoto wachanga waliolishwa vizuri lakini hawakui. Alipofuatilia, akakuta mama zao wengi walikuwa walevi.

Smith na mwanafunzi wake, Kenneth Lyons Jones, wakaitwa kuwaangalia watoto hao. Jicho lao lilikuwa limezoea kazi hiyo, na haikuchukua muda wakaona kumbe baadhi yao wanafanana kama ndugu. Macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, vichwa vidogo. Na hawakuwa ndugu.

Juni 1973, wakiwa pamoja na Ulleland na mwanasaikolojia Ann Streissguth, walichapisha taarifa yao katika jarida la The Lancet la Uingereza. Ilihusu watoto wanane tu, kutoka jamii tatu: Weusi, Wazungu na wenyeji asili wa Amerika. Hoja ya rangi au ukoo ikakosa nguvu. Kilichowaunganisha ni kwamba mama zao wote walikuwa walevi na walikunywa wakati wa ujauzito.

Miezi michache baadaye, Smith na Jones waliupa ugonjwa huo jina. Smith angeweza kuuita kwa jina lake, kama madaktari wengi walivyofanya. Badala yake alitaka neno pombe liwe ndani ya jina, ili kila anayelisikia ajue chanzo. Hapo ndipo ilipotoka FAS, yaani madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni.

Ufaransa waliona mapema

Hata hivyo, hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine na wenzake mjini Nantes, Ufaransa, walikuwa wameeleza watoto 127 wa wazazi walevi. Lakini waliandika kwa Kifaransa katika jarida dogo, na wengi nje ya nchi hiyo hawakupata habari. Timu ya Seattle nayo ilikuja kujua baadaye.

Nini hutokea kwenye ubongo

Pombe anayokunywa mama huingia kwenye damu yake, hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado changa, haliwezi kuisafisha kama la mtu mzima.

Mwaka 1978 Smith alikuwa miongoni mwa watafiti waliochapisha uchunguzi wa ubongo wa watoto wanne waliofariki ambao mama zao walikunywa. Walikuta chembe za ubongo zimeenda mahali pasipo pake. Kwa kawaida chembe hizo huzaliwa sehemu moja, kisha husafiri hadi sehemu zitakapofanya kazi. Pombe huvuruga safari hiyo, na nyingine huziua kabisa. Hata daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo linaweza kuwa jembamba au lisiwepo.

Jambo la kuzingatia ni hili: uso hujengeka wiki za mwanzo za mimba, lakini ubongo unaendelea kukua miezi yote tisa. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na sura ya kawaida huku ubongo wake umeumia. Huyo ndiye anayeitwa mtukutu au mzito shuleni: anasahau alichofundishwa jana, hatulii, haoni hatari. Anaadhibiwa kwa kitu asichokichagua. Madhara hayo hayaponi, ila akigunduliwa mapema na kusaidiwa, maisha yake huwa na nafuu.

Na haijalishi ni bia, mvinyo, pombe kali au ya kienyeji. Kinachodhuru ni kilevi chenyewe.

Hakuiona siku hiyo

Mwaka 1979 Smith aliandika kitabu kwa ajili ya wajawazito wenyewe, maana alitaka habari hizi ziwafikie mama kabla hawajafika kwa daktari. Alifariki kwa saratani Januari 1981, akiwa na miaka 54.

Julai mwaka huohuo, mganga mkuu wa serikali ya Marekani aliwashauri wajawazito na wanaopanga kubeba mimba wasinywe kabisa. Mwaka 1989 onyo likaanza kuonekana kwenye chupa na makopo ya pombe nchini humo. Na tangu 1999, kila tarehe 9 ya mwezi wa 9, nchi mbalimbali huikumbuka miezi tisa ambayo mtoto hawezi kukataa glasi anayonyweshwa.